Kamba ya Kukaa na Kamba ya Kushuka

Mti wenye matawi humkirimu mpandaji wake: humpa pa kukanyaga, humpa pa kushika, na, lililo kubwa kuliko yote hayo, humpa panda iliyo juu ya kichwa chake ambamo ataweza kupitisha kamba na kuning'inia kwa amani hata mguu ukiteleza. Lakini mti unaobomolewa kipande kwa kipande, kwa sababu hauna pa kuangukia, hubadili hali yake kila saa ipitayo. Asubuhi ni mti, adhuhuri ni nguzo, alasiri ni gogo lililosimama, na yule aliyeupanda akiwa na panda juu yake hujikuta mahali ambapo hapana kitu juu yake ila mbingu. Nimeifanya kazi hiyo sehemu kubwa ya umri wangu katika vijiji vinavyoitazama Jipe, na kama lipo jambo ambalo ningependa vijana waliorithi misumeno yetu walifahamu kabla ya jingine lolote, ni kwamba kamba inayomkalisha mtu juu ya nguzo ile siyo kamba itakayomshusha, na mwenye moja tu kati ya hizo mbili ahesabiwe kuwa hakufungwa.

Jipe ninayoisema ni ziwa, na pia ni nchi iliyolizunguka. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, upande mmoja Tanzania na upande wa pili Kenya. Hulishwa na mto Lumi ushukao kutoka Kilimanjaro pamoja na vijito vya milima ya Upare, kisha maji yake hupenya katika matete na mafunjo, ambayo mwaka hata mwaka yamezidi kulinyang'anya ziwa nafasi yake, yakatoka kwa jina la Ruvu, yakaingia Nyumba ya Mungu, na mwisho yakafika baharini kwa jina la Pangani. Bondeni huko ni nchi kavu ya migunga na mibuyu, na mti uliozeeka huachwa uanguke wenyewe, maana hautaponda kitu ila majani na pengine njia ya tembo watokao Tsavo. Juu milimani, Ugweno na Usangi, mambo ni kinyume. Wazee wetu walipanda migrevilea na mikalitusi katika kingo za mashamba ya kahawa na migomba, pembeni mwa mifereji na nyuma ya nyumba, wakati nyumba zilipokuwa chache na za nyasi. Leo miti ile imekuwa majitu, na chini yake pamejaa mabati, madarasa, misikiti, makanisa na waya za umeme. Mti wa namna hiyo hauangushwi. Hubomolewa, kuanzia kileleni kushuka chini, na mtu akiwa juu yake.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Pangani, baharia kabla ya kuwa mtumishi wa misitu katika wilaya ya Upare, zama ambazo Mwanga na Same zilikuwa bado wilaya moja. Alipenda kusema kwamba aliyafuata maji ya Ruvu kinyume mpaka akafika yalikotoka, na kwamba hakuona tofauti kubwa kati ya kazi yake ya kwanza na ya pili, kwa kuwa zote mbili ni kupanda mti uliokwisha kukatwa matawi. Shina lililokwisha kupunguzwa aliliita mlingoti. Kamba ya kuteremshia magogo aliiita jarari, kapi lake roda. Na ile iliyomshika yeye mwenyewe aliiita amari, kamba ya nanga. Sisi vijana wa milimani, ambao bahari hatukuiona ila katika picha, tuliyapokea majina hayo bila hoja, na hata leo ukipita Ugweno ukasikia mtu akipiga kelele juu ya mti, "Legeza jarari!", fahamu kwamba ni mwanafunzi wa mwanafunzi wa mzee yule. Neno lake alilolirudia mpaka likatuchosha lilikuwa hili: "Mwanangu, chombo hakitiwi nanga kwa kamba ya tanga." Muradi wake ni kwamba kamba ibebayo mti isibebe mtu hata mara moja, wala ibebayo mtu isifungwe gogo, hata kazi ikiwa ya dakika mbili na kamba nyingine ikiwa chini.

Zana zetu za awali zilikuwa kamba za katani, zilizosokotwa kwa mkonge kama ule wa Kisangara, mmea ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta nchi hii mwaka 1893 na ambao umelisha nyumba nyingi za tambarare ya Upare. Sitaisema vibaya katani, kwa maana ilinilisha na mimi; lakini kwa uhai wa mtu haifai. Hunywa maji ya mvua, huoza kwa ndani ilhali nje ingali nzuri ya kupendeza, na haina unyumbufu, kwa hiyo mtu akianguka ghafula juu yake mshtuko wote huishia kiunoni mwake. Kamba za viwandani, nailoni na poliesta, zilipoingia, mzee alizijaribu kwa mashaka ya kibaharia, akazivuta, akazichoma ncha kwa kiberiti, akaunusa ule moshi, kisha akasema kwamba zina nguvu ya punda na hofu ya moto. Alisema kweli. Kamba ya mpandaji wa leo, unene wa milimita 11 hadi 13, hutengenezwa isikatike kabla ya mzigo wa takriban kilo 2,400, ila ukiiacha iteleze kwa kasi katika fundo hupata joto, nyuzi zake za juu huyeyuka na kung'aa, na tangu hapo haiaminiki tena.

Sasa niieleze kamba ya kukaa. Huo ni ule mkanda mfupi ambao wapanda nguzo za umeme huuvaa, unaotoka nyonga moja, ukalizunguka shina, ukarudi nyonga ya pili. Miguuni mtu amevaa vyuma vyenye ncha vinavyochoma gome, na nyuma ameuegemeza mwili wake juu ya mkanda, mikono yake yote miwili ikiwa huru kwa kazi. Ni chombo cha shani, na asiyekijua hawezi kukaa juu ya nguzo hata kwa muda wa kunywa chai. Lakini siri yake ni moja: hushika kadiri miguu inavyoshika. Mkalitusi huambua gome lake vipande virefu, na chini ya gome hilo shina ni laini na la utelezi. Ncha ya chuma ikichoma gome lililokwisha kuachana na mti, mguu huondoka nalo. Papo hapo mwili husogea kuelekea shinani, mkanda hulegea, na mtu na mkanda wake huteremka pamoja, shina likimchuna kifua na mikono, hadi watakapokutana na kisiki cha tawi au na ardhi. Nilimwona mwenzetu mmoja akiteremka hivyo, katika shamba ambalo sitalitaja. Kisiki cha tawi kilimsimamisha baada ya kimo cha kama watu wawili, naye akakaa pale kwa muda akilikumbatia shina, hapandi wala hashuki, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umevunjika na mkanda ule haukujua njia ya kumfikisha chini. Ilimbidi mwingine apande kumfuata. Mkanda wake haukukatika. Ulifanya yote uliyoumbiwa kuyafanya.

Kwa sababu hiyo kanuni za kazi hii huko Uingereza na Marekani humtaka mpandaji ashikaye chenso awe amefungwa mahali pawili, na mzee wangu alilijua jambo hilo bila kuzisoma kanuni hizo. Alichukua kamba fupi nene iliyofumwa jicho ncha moja na pete ya chuma ncha ya pili. Akaizungusha shinani usawa wa kifua au juu kidogo, akaipitisha pete katika jicho, akaivuta mpaka kamba ikalikaba shina. Penye shina la utelezi aliizungusha mara mbili. Kisha, na hapa ndipo nilipomwona kuwa ni bingwa, hakuikabisha popote tu, bali juu ya kisiki cha tawi alichokiacha kwa makusudi, urefu wa kiganja, siku ya kupunguza matawi, ili kamba ikitaka kuteremka ikute pa kukalia. Vijana wengi hukata matawi yao sawasawa na shina wapate kusifiwa na mwenye nyumba kwa usafi. Mimi huwaambia usafi huo wauache kwa seremala.

Katika pete ile hupita kamba ndefu ya kushukia. Ncha yake moja hufungwa kwenye mkanda wa mwilini, na upande wa pili hushikwa na kikamba chembamba kilichozungushwa juu yake mara kadhaa, fundo ambalo likipata uzito huuma, na likisukumwa kwa mkono kutoka juu hulegea na kuteleza. Mafundo ya namna hiyo ni ya ukoo mmoja na lile ambalo Karl Prusik wa Austria alilitangaza mwaka 1931 kwa faida ya wapanda milima. Kwa kuwa pete huugawa uzito wa mtu pande mbili, fundo hubeba nusu tu, na ndiyo maana mkono mmoja, hata wa kushoto, hata wa mtu aliyejeruhiwa, hutosha kulilegeza. Mtu anayekaa hivyo huegemea mkanda wake kwa kazi, lakini kamba ya kushukia nayo imekazwa vizuri, bila ulegevu wa kumwangusha kabla ya kumdaka. Na kamba zote mbili zimefungwa chini ya mahali msumeno utakapopita. Nasisitiza chini. Wapo waliofunga juu ya mkato, kwa sababu juu ndiko walikozoea kufunga mti ulipokuwa na matawi, na kilele kilipoondoka kikaondoka pamoja na kamba yao. Mkanda wa kuzungushia nao uwe na waya ndani, maana chenso haihitaji zaidi ya mguso kukata kamba ya nyuzi, japokuwa waya huo humcheleweshea mtu msiba tu, haumkingi nao.

Niliyaona haya yote yakifanya kazi siku ya mkalitusi wa ndiva. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo la mawe na udongo ambamo Wapare tangu kale hukusanya maji ya kijito usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Mti ule ulisimama ukingoni mwake, mizizi yake imekwisha kuingia ukutani, na wazee walikuwa wameuhukumu miaka mingi kabla, wakisema unakunywa zaidi ya zamu yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, iliwapa mashaka kidogo wale walioogopa kuonekana wakikata kitu mahali pale, basi tukangoja hadi serikali ya kijiji na ofisi ya misitu zilipotoa idhini kwa maandishi. Kuuangusha mzima hakukuwezekana: upande mmoja ukuta wa ndiva, upande wa pili nyumba, upande wa tatu kahawa ya mjane aliyesimama pale tangu alfajiri akiihesabu miche yake.

Matawi yalishuka vema. Kilele nacho kilishuka vema, ingawa asiyewahi kukata kilele hawezi kusadiki namna shina linavyolipa kisasi: kilele kinapoinama hulisukuma shina nyuma, na kinapoachana nalo hulirusha mbele, na mtu aliyefungwa pale huyumba nalo huku na huko. Nakumbuka ziwa la Jipe, ambalo toka juu ya mti ule lilionekana lote na ukingo wake wa Kenya, likipanda na kushuka mbele ya macho yangu hata nikayafumba. Baada ya hapo ikaanza kazi ya magogo, na pamoja nayo mashauri ya watu wa chini. Walitaka vipande virefu ili kazi iishe mapema. Nikawateremshia hesabu kabla ya gogo: mkalitusi mbichi huwa na uzito wa karibu tani moja kwa meta ya ujazo, hivyo kipande chenye upana wa sentimeta 40 na urefu wa mita 2 ni kiasi cha kilo 250, gunia mbili na nusu za mahindi, na kikiangukia jarari hata kwa kimo kifupi, mvuto wake hupita uzito huo mara kadhaa, na mvuto wote huo hukutana katika roda iliyofungwa kwenye shina lile lile nililolikalia. Wakanyamaza. Mmoja akasema kwamba siku zote alidhani mafundi hukata vipande vidogo ili kuongeza siku za kulipwa. Sikumjibu, kwa sababu wapo wafanyao hivyo.

Ilikuwa yapata saa tano msumeno ulipoanza kutema unga mweusi badala ya mweupe. Mti ulikuwa na uwazi ndani, mahali ambapo tawi kubwa lilivunjika zamani na maji yakaingia. Na katika uwazi ule walikaa nyuki. Kwanza nilisikia mvumo ambao niliudhani ni wa injini, lakini injini nilikuwa nimekwisha kuizima. Kisha wakatoka.

Mpandaji aliye na mkanda peke yake angelazimika kushuka hatua kwa hatua, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ateremshe mkanda, tena mguu wa kulia, urefu wote wa nguzo ile, macho yakiwa yamefumba kwa kuumwa. Mimi niliiacha chenso ining'inie katika kamba yake, nikafungua mkanda upande mmoja, nikaubonyeza ule mzunguko wa kikamba kwa kiganja, na nikaenda. Sikuona kitu njiani ila gome likipita. Nilipogusa ardhi wenzangu walikuwa wamekwisha kukimbilia ng'ambo ya ndiva, isipokuwa mshika jarari, mtu mzima mwenye adabu ya kazi, ambaye alikuwa amevua shati lake akanifunika nalo kichwa na kunivuta. Nilivimba siku kadhaa. Jioni tulipozikusanya zana, kikamba cha fundo kilikuwa kimeng'aa na kukakamaa upande mmoja, kana kwamba kimepakwa lakiri, na kilinuka moto. Nikakikata vipande mbele ya vijana, ili asije mmoja wao akakionea huruma na kukitia mfukoni.

Mkalitusi uliobaki tulirudi kuumaliza baada ya wafugaji wa nyuki wa Usangi kuwahamisha wale wenyeji kwa moshi na mzinga, na asali kidogo iliyopatikana ilikwenda kwa mjane wa kahawa.

Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kampuni kubwa huwavika wafanyakazi wake kofia na mikanda. Lakini fundi wa miti wa kijijini hana mwajiri. Huajiriwa na jirani kwa siku moja, kwa bei iliyokwisha kupunguzwa mara mbili barazani, na katika bei hiyo kamba ya pili huonekana anasa. Nimesikia kwa masikio yangu mwenye nyumba akimwambia fundi, "Wewe panda tu, Mungu yupo." Yupo bila shaka, lakini hospitali ya KCMC iko Moshi, na kutoka mabega ya Ugweno hadi huko ni mwendo ambao mtu aliyevunjika mgongo hapaswi kuusafiri nyuma ya gari la mkaa. Fauka ya hayo, hata asiyeanguka yu hatarini: mtu aliyezimia na kuning'inia wima katika mkanda wake, miguu haitikisiki, damu yake hukusanyika miguuni, na wenziwe hawana saa nzima ya kushauriana. Kwa hiyo siku hizi sikubali kazi mpaka nimemwona chini ya mti mtu wa pili aliyevaa mkanda na vyuma vyake tayari, ajuaye kupanda, hata kama siku nzima hatapanda.

Vijana ninaowafundisha huanzia kwenye shina la mgrevilea lililo uwanjani kwangu, refu mita 12, ambalo nimeacha visiki vya matawi yake kwa ajili hiyo. Hupanda, hufunga vyote viwili, huegemea, hujifanya wanakata, kisha mimi nikiwa chini hupaza sauti, "Mkono wa kulia umeumia!" na sharti mtu huyo ashuke kwa wa kushoto peke yake, bila kuuliza swali. Mwezi uliopita kijana mmoja, hodari kuliko wenzake na mwenye kulijua hilo, alipanda na kamba yake mpya ya mita 20, akafanya kila jambo sawasawa, na nilipopaza sauti akashuka vizuri kwa mkono wa kushoto mpaka fundo la mwisho wa kamba likakutana na kikamba chake, akasimama hewani, miguu yake ikiwa kimo cha kiuno juu ya ardhi. Alikuwa amesahau kwamba kamba ipitayo katika pete huenda na kurudi, na nguzo ya mita 12 huitaka kamba ya mita 24 na ziada. Wenzake wakacheka. Nikawauliza ni nani aliyefunga fundo mwisho wa kamba yake kama huyu, wakazitazama kamba zao. Tulimletea ngazi. Aliposhuka aliitandaza kamba ile uwanjani akaanza kuipima kwa pima za mikono yake, akihesabu kwa sauti, na wale wengine, mmoja baada ya mmoja, wakaenda kuzileta za kwao.